Mjadala: Picha ya jeneza la Bruce Lee, nyota wa filamu za kung fu, ionyeshwe kwenye vibanda vya video au ikatwe?

Mleta mada, Kirumba: Wakuu, filamu ya kumbukumbu ya Bruce Lee ya mwaka 1973, ile ya kampuni ya filamu ya Golden Harvest, ilitoka mwaka uleule aliofariki na hadi leo ina watazamaji. Ndani yake kuna msiba wa Hong Kong, na uso wa marehemu jenezani unaonekana wazi. Benchi moja kibandani wanakaa mzee na mtoto wa darasa la tatu. Mimi nasema kipande hicho kikatwe. Mji huu wa Mwanza ulizika watu waliozama na meli ya MV Bukoba pale Igoma mwaka 1996. Maiti kwetu si kitu cha kulipia kiingilio.

Fundi wa kuhariri, Nyakato: Kukata kunatamkwa kirahisi. Kwenye nakala zilizotafsiriwa, sauti ya mtafsiri anayesimulia filamu kwa Kiswahili mara nyingi imeshachanganywa na muziki wa filamu, huwezi tena kuvitenganisha. Ukitoa picha pamoja na sauti yake, mtafsiri anakatika katikati ya neno, muziki unaruka, na ukumbi mzima unapiga kelele "rudisha!" Acha sauti iende kama ilivyo, badilisha picha tu. Chukua umati wa waombolezaji kutoka msiba huohuo, ulaze juu ya jeneza kwa urefu uleule. Tuseme ni sekunde 40: kwa fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kila sekunde, hizo ni fremu 1,000. Ukipungukiwa na fremu tatu tu, uso unachungulia, na hicho ndicho watu watakachoondoka nacho. Kuweka ukungu usoni sishauri. Kamera ikisogea, ukungu lazima uufuate uso fremu kwa fremu. Ukichelewa kidogo unateleza shavuni, na kwenye ukuta wa mita tatu hakuna asiyeona. Na kazi yote ifanyike kwenye nakala. Faili mama lisiguswe.

Mrusha picha, Buzuruga: Mleta mada, nakuheshimu ila hapa nakataa. Misiba mingi ya hapa Mwanza watu wanapanga foleni, wanapita jenezani kutoa heshima za mwisho, na watoto wamo. Filamu ya 1973 inaonyesha hicho hicho. Kilichovuka mpaka ni Game of Death ya 1978: picha halisi za msiba ule, pamoja na uso wa marehemu, zilichomekwa kwenye hadithi ya kubuni ambapo mhusika anajifanya amekufa. Mbona hiyo hamuigusi?

Halafu madhara makubwa yanatoka kwa mtafsiri. Akifika jenezani ndipo anapomwaga: sumu, pigo la siri, laana ya ukoo. Uchunguzi wa kifo chake ulifanyika Hong Kong mwaka huohuo wa 1973. Ubongo ulikuwa umevimba, uzito wake ukafika gramu 1,575 badala ya 1,400 hivi. Alikuwa amemeza Equagesic, dawa ya maumivu yenye aspirini na meprobamate, na uamuzi ukawa kifo cha ajali isiyokusudiwa. Tena tarehe 10 Mei, wiki kumi kabla ya kufariki 20 Julai, alishaanguka studio akiingiza sauti za filamu yake Enter the Dragon, ubongo umevimba vilevile. Mtafsiri akiyajua haya, hana haja ya uchawi.

Dada wa Pasiansi: Kaka, kwa mtafsiri tuko pamoja. Kwa foleni, hapana. Msibani wafiwa ndio wanaoruhusu, na anayeogopa hapiti. Kibandani mtoto ameshalipa, ameshakaa, picha inamkuta. Na si wote tunaaga hivyo: kwetu Waislamu maiti huoshwa, huvikwa sanda, huswaliwa na kuzikwa, uso wake haufanywi maonyesho. Mwangalieni na Brandon, mwana wa Bruce Lee. Alipigwa risasi akiigiza filamu ya The Crow, akafariki 31 Machi 1993, miaka 28 tu. Picha za tukio lile hazikuwekwa kwenye filamu, sehemu zilizobaki zikamaliziwa kwa mwigizaji mbadala, na hakuna mtazamaji aliyepungukiwa kitu.

Mrusha picha, Buzuruga: Dada, pale ni mtu anakufa. Jenezani anaagwa. Usivipime kwa mizani moja.

Fundi wa kuhariri, Nyakato: Tengenezeni nakala mbili. Ya mchana iwe na umati badala ya jeneza, ya kuanzia saa mbili usiku iwe kamili, kwa daraja la umri litakalopangwa na Bodi ya Filamu. Mtafsiri arekodiwe upya kwenye njia yake ya sauti peke yake, isichanganywe na ya filamu. Akiongea, sauti ya filamu ishuke desibeli 12 hivi, akinyamaza irudi juu. Msibani anyamaze kabisa.

Mleta mada, Kirumba: Nakala mbili nakubali, na mtafsiri kunyamaza nakubali kwa mikono miwili. Lakini ule uso, hata saa mbili usiku, hoja ya dada haijajibiwa: nani amewauliza wafiwa? Mrusha picha, anza hapo.