Mrejesho: Kikundi cha muheme katika maandamano ya kupinga uchimbaji wa mchanga

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwaomba ushauri iwapo kikundi chetu cha muheme (ngoma ya wanawake wa Kigogo), wilayani Chamwino, Dodoma, kingefaa kutumbuiza katika maandamano ya kupinga uchimbaji wa mchanga korongoni, mchanga ambao ndio hututunzia maji ya visima wakati wa kiangazi, au kama ngoma ingeyafanya madai yetu yaonekane sherehe.

Nawashukuru mlionikumbusha kuwapa polisi taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Kina mama walipiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa mapajani, wazee wawili wakifuatisha kwa zeze, na ulipofika ubeti wa kisima kilichokauka hata vijana wanaopakia mchanga walisimama kusikiliza. Hofu yangu, nakiri, ilikuwa ya bure.

Aibu ilikuwa moja tu: tulipowasha moto wa kuzipasha ngoma ili ngozi zikaze, bibi mmoja aliuliza kwa sauti kuni zile tumezikata wapi, na hakuna aliyemjibu.

Malori hayajaonekana korongoni tangu Jumanne, ingawa mkutano wa kijiji tulioahidiwa bado haujaitishwa.