Mrejesho: Nilianza kwa fundi, sasa ni mtihani wa NITA

Mafundi, niliwauliza kama kijana aliyemaliza kidato cha nne aanze uchomeleaji chuoni au kwa fundi. Wengi mlisema kwa fundi, ila nisikose cheti. Niliwasikiliza, na nawashukuru kwa dhati.

Niko Kamukunji, Nairobi, chini ya fundi mzee mvumilivu sana. Tunatengeneza milango na madirisha. Alinifundisha kwanza kusikiliza. Ukishika elektrodi, yaani fimbo ya kuchomelea, kwa umbali ufaao kutoka kwenye chuma, mlio ni kama viazi vinavyokaangwa, bila kukatika; ukiinua mkono, cheche zinaruka ovyo. Tunaanza na elektrodi aina ya 6013 kwa sababu huwaka kwa urahisi. Aina ya 7018 lazima iwe kavu, kwani unyevu huingiza hidrojeni kwenye chuma na mshono unaweza kupasuka baadaye. Chuma kilichopakwa zinki tunakisaga kwanza kwa grinda kuondoa zinki hiyo. Moshi wake huleta homa. Na tafadhali, miwani ya jua si kinga ya macho unapochomelea! Inaniuma kuona vijana wakiitegemea.

Nimejiandikisha kwa mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani), daraja la tatu, ndilo la kuanzia. Nikipita, nataka kujifunza kuchomelea mabomba. Aliyepitia njia hiyo, nianzie wapi?