MJADALA: Vinywaji vizito kwa wagonjwa wanaopaliwa, vinawalinda au vinawatesa?

Mwanzisha mada (tabibu wa usemi na umezaji)

Wadau, naomba hili tulijadili bila kuoneana haya.

Mgonjwa wa kiharusi, wa Parkinson au wa ugonjwa wa kusahau akikohoa mara mbili tatu anapokunywa maji, agizo letu ni lile lile: kila anachokunywa kitiwe unga wa kuongeza uzito. Kibao kinatundikwa juu ya kitanda. Kuanzia hapo chai ni nzito, maziwa ni mazito, hata maji ya kumezea vidonge ni mazito. Tarehe ya kulipitia agizo upya haipo, na mara nyingi hakuna picha iliyopigwa kuonyesha kwamba uzito tuliouchagua ndio unaomfaa. Nasema agizo la namna hiyo likome: kila agizo la uzito life lenyewe baada ya siku 7 kama halikupitiwa.

Sababu iliyotufikisha hapa ni ya kweli, siipingi. Maji hukimbia. Ulimi ukilegea au mmezo ukichelewa kuanza, maji hufika kooni kabla kikoromeo hakijapanda na njia ya hewa kufungwa, mtu akapaliwa. Kinywaji kizito hushuka taratibu na kumpa nafasi. Mwaka 2008 timu ya Jeri Logemann huko Marekani ilichapisha matokeo ya wagonjwa 711 wa Parkinson na ugonjwa wa kusahau waliopigwa eksirei wakimeza. Kinywaji kizito kama asali kiliingia njia ya hewa mara chache kuliko kile cha uzito mdogo, na vyote viwili viliishinda mbinu ya kuinamisha kidevu kifuani wakati wa kumeza kinywaji cha kawaida.

Ila mwaka huohuo JoAnne Robbins na wenzake walichapisha walichokiona baada ya kufuatilia wagonjwa 515 wa aina hiyo kwa miezi 3. Nimonia haikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa kati ya waliokunywa vizito na walioinamisha kidevu. Kwa jumla iliwapata kama 11 kwa kila 100. Kupungukiwa maji mwilini kuliwapata 6 kwa 100 upande wa vinywaji vizito, 2 kwa 100 upande wa kidevu. Na waliougua nimonia wakiwa kwenye uzito wa asali walikaa hospitalini siku 18 kwa kipimo cha kati, dhidi ya siku 4 kwa uzito mdogo na 6 kwa kidevu.

Picha ya eksirei ilipendeza, mapafu hayakufaidika kwa kiasi kilekile. Misuli ya koo ikiwa dhaifu, kinywaji kizito huacha mabaki nyuma ya ulimi na pembeni mwa koo, na mabaki hayo huteleza kuingia njia ya hewa baada ya mmezo kwisha, wakati kila mtu anadhani hatari imepita. Maji safi kidogo yakiingia mapafuni mwili huyafyonza. Kinywaji kizito hakiondoki kirahisi hivyo. Zaidi ya yote, mtu hanywi asichokipenda. Kiu inabaki palepale, choo kinakuwa kigumu, mkojo unapungua, akili inachanganyikiwa, nasi tunaandika "ushirikiano hafifu".

Mchangiaji wa 2 (tabibu wa usemi, wodi ya kiharusi)

Mkuu, hapo nakupinga kwa sehemu kubwa.

Utafiti wa Robbins haukuwa na kundi lililokunywa maji ya kawaida bila hatua yoyote. Makundi yote matatu yalipewa kitu. Kwa hiyo hauwezi kutuambia kwamba maji mazito ni sawa na kutofanya lolote. Pia wale walikuwa na magonjwa yanayozidi mwaka hadi mwaka. Mgonjwa wa kiharusi cha jana ni mtu mwingine kabisa: wengi wao umezaji unarudi ndani ya siku au wiki chache. Kwa huyu uzito ni kama magongo, yanatumika kwa muda halafu yanawekwa pembeni.

Halafu unazungumzia mateso ya kunywa kizito, vipi mateso ya kupaliwa kila funda? Mtu anayekohoa mpaka machozi yanamtoka mbele ya wenzake mezani anaacha kunywa vilevile. Uzito mdogo tu, kiwango cha 1 au cha 2 katika IDDSI, mfumo wa kimataifa wa kupanga uzito wa vinywaji kuanzia 0 (maji ya kawaida) hadi 4, humrudishia utulivu. Kosa ninaloliona mimi ni kurukia kiwango cha 3 kwa mtu aliyetosheka na cha 1.

Na tusidharau upimaji wa kitandani. Kipimo cha DePippo cha 1992 ni rahisi: mgonjwa aliyekaa wima na aliye macho anapewa maji kama mililita 90 anywe bila kusimama. Akikatiza, akikohoa ndani ya dakika 1 au sauti ikawa na majimaji, hajafaulu. Asiyefaulu apelekwe kwenye kipimo cha picha.

Mwanzisha mada

Asante mwenzangu, hoja ya kundi linganishi naikubali. Ila sentensi yako ya mwisho ndiyo inayovunjwa kila siku. Asiyefaulu hapelekwi kwenye picha, anapewa unga. Wengine hupaliwa kimyakimya: katika kipimo cha Rosenbek chenye ngazi 8, ngazi ya 8 ni kinywaji kupita nyuzi za sauti bila mtu hata kujaribu kukitoa. Kumpa huyo kizito na kuona hakohoi hakuthibitishi chochote, maana hata maji hakuyakoholea. Kwa huyu ukimya wake haukufundishi kitu, ni lazima uone ndani, kwa eksirei ya kumeza au kwa kamera nyembamba ya kupitia puani.

Mchangiaji wa 3 (muuguzi, msimamizi wa wodi)

Mnabishana kuhusu viwango kana kwamba kikombe kinachomfikia mgonjwa ndicho mlichoagiza. Karibuni kwenye meza ya chai.

Unga upo wa aina mbili na wengi wanauchanganya kana kwamba ni mmoja. Wa wanga huendelea kuwa mzito kadiri kikombe kinavyokaa, kwa hiyo kiwango cha 2 cha asubuhi kinaweza kuwa cha 3 baadaye. Tena mate yakiingia, kimeng'enya cha amilesi huuvunja wanga, kinywaji kikawa chepesi mkononi mwa mgonjwa anayekunywa polepole au anayerudisha kijiko chenye mate ndani ya kikombe. Wa zanthani (aina ya gamu) hauvunjwi na mate na hutulia, ila kwenye maziwa huchelewa kushika. Mtu anaona bado ni mepesi, anaongeza kijiko, dakika chache baadaye ni kama gundi. Fuata kipimo cha kopo, koroga, subiri muda ulioandikwa, ndipo uamue.

Kupima ni sekunde 10 tu, hakuna sababu ya kukisia. Chukua sirinji ya mililita 10 yenye ncha iliyonyooka, ambayo kutoka alama ya 0 mpaka ya 10 ina milimita 61.5. Toa kisukumio, ziba ncha kwa kidole, jaza mpaka 10, achia kidole kwa sekunde 10, ziba tena, soma kilichobaki. Chini ya mililita 1 ni kiwango cha 0, yaani maji ya kawaida. Kati ya 1 na 4 ni cha 1. Kati ya 4 na 8 ni cha 2. Zaidi ya 8 lakini kinadondoka ni cha 3. Kisipotoka kabisa, ni cha 4 na kinapimwa kwa uma na kijiko. Sirinji za urefu tofauti hutoa majibu ya uongo, kwa hiyo pima urefu wake kwanza.

Barafu, aiskrimu na jeli vinayeyuka mdomoni vikawa vyepesi. Kumpa mtu wa kiwango cha 2 aiskrimu "kwa kuwa ni nzito" ni kumpa maji.

La hatari kabisa ni dawa ya kulainisha choo ya polithilini glikoli ikichanganywa na kinywaji kilichotiwa unga wa wanga. Uzito unapotea, kinabaki kimiminika chepesi, nawe unampa ukiamini ni kizito. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo juu ya hili mwaka 2021. Mchanganyiko huo unawakuta wagonjwa walewale, kwa sababu vinywaji vizito na choo kigumu huandamana.

Mchangiaji wa 4 (daktari wa meno)

Mbona hakuna aliyetaja mswaki? Nimonia ya kupaliwa inahitaji mambo matatu: kitu kiingie mapafuni, kitu hicho kibebe bakteria, na mwili ushindwe kujikinga. Ninyi mnapambana na la kwanza peke yake.

Susan Langmore na wenzake walifuatilia wazee 189, wakachapisha mwaka 1998. Waliotabirika zaidi kupata nimonia walikuwa wanaolishwa na mtu mwingine, wanaosafishwa kinywa na mtu mwingine, wenye meno mengi yaliyooza, wanaolishwa kwa mrija, wenye magonjwa zaidi ya moja, wenye dawa nyingi na wanaovuta sigara. Shida ya kumeza ilichangia, ila peke yake haikutosha kuleta nimonia. Huko Japani, kwenye nyumba za wazee zilizofuatiliwa miaka 2 (Yoneyama, 2002), nimonia iliwapata 11 kwa 100 waliosafishwa kinywa kwa utaratibu na 19 kwa 100 wasiosafishwa.

Mswaki laini mara mbili kwa siku angalau, ulimi na ndani ya mashavu, meno bandia yatolewe usiku na kuoshwa. Kinywa kikavu kilowanishwe kabla ya kusuguliwa. Agizo la maji mazito lisilo na agizo la mswaki ni nusu ya agizo.

Mchangiaji wa 5 (mtetezi wa haki za wagonjwa)

Ndugu zangu wataalamu, nawasoma tangu juu na mwenye koo hajaulizwa. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa matibabu, na unga kwenye chai yake ni matibabu. Kwa nini akikataa anaitwa mkaidi?

Swali langu zito zaidi linawahusu wenye afasia, waliopoteza maneno baada ya kiharusi. Hao ndio wanaowekewa kibao kitandani bila neno, kwa kuwa hawawezi kubisha. Ninyi ndio mliosomea namna ya kuongea nao. Mnaitumia elimu hiyo kwenye hili?

Mwanzisha mada

Umegonga penyewe. Ridhaa ya mwenye afasia inachukua muda, ila inawezekana. Sentensi fupi, jambo moja kwa wakati mmoja. Andika maneno makuu kwa herufi kubwa huku ukisema: MAJI, MAZITO, KUKOHOA, MAPAFU. Weka vikombe viwili halisi mbele yake, aonje kama ni salama kuonja. Uliza swali la ndiyo au hapana, kisha uligeuze, maana wengi huitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Rudia kesho yake. Jibu likifanana, umepata jibu. Kumwuliza ndugu yake badala yake kwa kuwa ni haraka ni kumnyang'anya sauti mara ya pili.

Na njia ya kati ipo. Utaratibu wa maji huru ulianzia kituo cha Frazier, Louisville, Kentucky, mwaka 1984. Kinywa kinasafishwa kwanza. Maji matupu yanaruhusiwa kati ya mlo na mlo, si wakati wa kula. Baada ya kula inasubiriwa dakika 30 na mabaki yote yatoke mdomoni. Vidonge havimezwi kwa maji hayo. Chai, juisi na maziwa vinabaki na uzito wake, kwa sababu sukari na mafuta mapafuni ni jambo jingine.

Mchangiaji wa 2

Hapo tunakaribiana, lakini tusiufanye kuwa wa kila mtu. Asiyeweza kukaa wima, asiyekaa macho, mwenye vidonda au maambukizi mdomoni, mwenye nimonia sasa hivi, na anayekohoa mpaka anakosa pumzi, wasianzishiwe. Wodi isiyo na mtu wa kusafisha kinywa isianzishe pia, kwa sababu hatua ya kwanza ndiyo inayoyafanya maji kuwa salama.

Na watoto wachanga tuwaache nje ya mjadala huu. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya dhidi ya kuwapa watoto njiti bidhaa moja ya zanthani kwa sababu ya ugonjwa wa kuoza utumbo, na mwaka uliofuata onyo likapanuliwa kwa wachanga wengine.

Mchangiaji wa 3

Na wale ambao ugonjwa wa kusahau umefika mwisho? Shirika la madaktari wa wazee la Marekani lilisema wazi mwaka 2014 kwamba mrija wa kulishia haupendekezwi kwa wazee walio katika hatua hiyo, walishwe kwa mkono kwa uangalifu. Lakini wodini bado watu wanaogopa kumpa mgonjwa kijiko cha chai anayoililia, kwa hofu ya kulaumiwa akipaliwa.

Mwanzisha mada

Hofu hiyo huondoka kukiwa na maandishi. Kula na kunywa kwa hatari iliyokubaliwa ni uamuzi wa kitabibu, uandikwe kama uamuzi: mgonjwa anataka nini, nani alishiriki, kinywaji gani, kijiko au kikombe, akae vipi, dalili gani za kusimamisha, na akiugua nimonia atibiwe vipi na wapi. Bila hayo, muuguzi wa zamu ya usiku ataachwa peke yake na lawama, na kesho yake atarudi kwenye unga.

Mchangiaji wa 2

Nakubali maandishi. Tunachotofautiana bado ni muda. Wewe unataka kila agizo la uzito life lenyewe baada ya siku 7 kama halikupitiwa. Mimi naona likifa lenyewe Jumapili usiku, mgonjwa anayepaliwa kimyakimya atapewa maji na mtu asiyemjua. Bora lisife, ila jina la aliyeliandika na tarehe ya kulipitia vibaki kwenye kibao kilekile cha kitandani, ndugu wote wavione.

Mchangiaji wa 5

Na mgonjwa pia, kwa herufi kubwa anazoweza kuzisoma.