Tunajuaje fotoni mbili zimefungamana kweli?

mdadisi_wa_nuru: Wakuu naombeni mnieleweshe. Leza inapiga fuwele, fotoni moja (punje ya mwanga) inazaa mbili, hapo nimeelewa. Sasa naambiwa ukiweka polaraiza (kichujio kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu) wima pande zote ditekta zinalia pamoja, ukilaza moja zinanyamaza, eti basi zimefungamana, yaani hali zao ni kitu kimoja, huwezi kuielezea kila moja peke yake. Mbona hiyo ni kama jozi ya viatu tu, ukishika cha kushoto unajua kilichobaki ni cha kulia? Si zilishatoka hivyo hivyo kwenye fuwele?

kichujamwanga: Uko sahihi mkuu, kipimo hicho peke yake hakithibitishi kitu. Geuza polaraiza zote mbili ziende nyuzi 45. Kama fotoni zilishatoka zikiwa wima au mlalo, kila moja ikifika pale inapita au inazuiwa kwa bahati tu, nusu kwa nusu, na mwenzake vivyo hivyo, uhusiano wote unapotea. Zilizofungamana haupotei hata ukigeuza, na hicho ndo cha kutafuta.

Hesabu_Kwanza: Naongezea, maana watu wengi wanaumia hapa. Ditekta inalia hata gizani, kwa hiyo unahesabu tu milio iliyopishana nanosekunde chache. Ukiwa na milio 100,000 kwa sekunde kila upande na dirisha (muda wa kuhesabu milio miwili kuwa ya pamoja) la nanosekunde 10, unapata 100 kila sekunde za kukutana kwa bahati, siyo jozi kabisa! Chelewesha upande mmoja kwa waya mrefu, jozi za kweli zitapotea, zitakazobaki ndo za bahati, hizo uzitoe kwenye hesabu.

mdadisi_wa_nuru: Asanteni sana. Ila je kama zinatoka na maelekezo ya kupita au kuzuiwa kwa kila nyuzi, pamoja na hiyo 45?

kichujamwanga: Swali zuri sana hilo, na mwanafizikia John Bell alilijibu 1964. Upande mmoja unapima nyuzi 0 na 45, mwingine 22.5 na 67.5, unajumlisha uhusiano wa michanganyiko yote minne, mmoja unautoa, unapata namba inaitwa S. Maelekezo yoyote utakayobuni hayavuki 2, fotoni zilizofungamana zinafika hadi 2.83 hivi. Freedman na Clauser waliona mpaka wa aina hiyo ukivukwa maabara 1972, halafu Aspect na wenzake 1982 wakawa wanabadilisha nyuzi fotoni zikiwa bado njiani.

mdadisi_wa_nuru: Kwa hiyo nikipata 2.1 nimemaliza?

Hesabu_Kwanza: Inategemea kosa la kipimo mkuu. 2.1 yenye kosa la 0.08 bado, endelea kuhesabu jozi.