Mabaharia tunakutana Dodoma Septemba: wenzetu ambao hawakupata meli niwaalikeje?

FundiPampu_Nzuguni

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kuandaa mkutano wa watu waliosoma pamoja, hasa waliosomea mambo ya bahari. Darasa letu tulimaliza chuo cha ubaharia Dar es Salaam mwaka 2004. Wa injini na wa sitaha (wanaosomea kuongoza meli) tukijumlishwa tulikuwa 31, na watatu wametangulia mbele za haki. Mwaka huu tumekubaliana tukutane Dodoma, Jumamosi na Jumapili zinazofuata Siku ya Bahari Duniani, ile ya Alhamisi ya mwisho ya Septemba. Tumechagua huku kwa sababu tangu serikali ihamie, wenzetu saba wanaishi hapa. Mimi natengeneza pampu na jenereta Nzuguni. Na treni ya umeme imemfanya mtu wa Dar afike kwa saa tatu na nusu hivi, wakati zamani kwa basi siku nzima iliishia njiani.

Ukumbi nimeshaupata. Chakula nitakipata. Kinachoninyima usingizi ni watu.

Kwa wasiojua, kumaliza chuo si kuwa ofisa wa meli. Lazima upate muda wa baharini. Kwa kadeti, yaani ofisa mwanafunzi, wa sitaha ni miezi isiyopungua 12 ndani ya mpango wa mafunzo uliokubaliwa, na daftari lako la mafunzo linajazwa na kusainiwa humohumo melini, kazi moja baada ya nyingine. Nje ya mpango huo ni miezi 36. Sisi wa injini ile miezi 12 inachanganya karakana na bahari, lakini angalau 6 lazima iwe ndani ya chumba cha injini. Huo ni mkataba wa kimataifa wa STCW unaoweka viwango vya mafunzo ya mabaharia, hakuna chuo kinachoweza kukupunguzia hata siku moja. Sasa nafasi ya kadeti melini haipatikani kwa maksi. Unazunguka ofisi za mawakala na bahasha yako, unaambiwa rudi Jumatatu, Jumatatu unaambiwa meli imeshang'oa nanga. Mwingine anakuwa na ndugu anayemjua nahodha. Mwingine nauli ya kushinda mjini inamwishia mwezi wa tatu. Katika wale 31, tuliopata meli tulikuwa 13.

Tulikutana mara moja, 2019, kwenye ukumbi wa ufukweni. Kamati ilipanga kila mtu asimame, ataje jina, cheo na meli aliyopo. Tukaanza: fulani, injinia wa pili, meli ya mafuta. Fulani, ofisa wa tatu, meli ya makontena. Makofi. Ikamfikia rafiki yangu ambaye darasani hakuna aliyemfikia kwa injini za dizeli. Alisimama akasema, "Mimi sikupata meli," akakaa. Makofi yalikuja yakichelewa, na yakawa machache. Kabla pilau haijapakuliwa alikuwa ameondoka, na usiku uleule akajitoa kwenye kundi letu la WhatsApp. Wiki ile wakajitoa na wengine wanne. Sikumfuata. Nilikuwa nimeketi viti viwili kutoka kwake, na hilo nimeishi nalo.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Morogoro nikasimama Kibaigwa, anakouza vipuri vya pikipiki karibu na soko la nafaka. Tulisalimiana vizuri, akaniagizia soda. Wakati anatafuta chenji kwenye droo nikaona daftari lake la kadeti, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alipoona nimeliona alilifungua mwenyewe. Picha yake ya ujana ukurasa wa kwanza, jina kwa mwandiko wake mzuri, halafu kurasa zote nyeupe. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Nikanywa soda nikaondoka.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Mwaliko wa watu kama huyu niuandikeje ili wasijione wanaitwa kuonewa huruma? Na siku mbili hizi tuzipange vipi ili yale ya 2019 yasirudi? Kamati imeshaanza kuchora bango lenye vyeo vya wajumbe, nimewaomba wasubiri kidogo.

MamaZabibu

Kaka, ahsante kwa kuleta jambo hili. Mimi ni mmoja wa hao unaowaulizia, ila si wa darasa lenu. Nilisoma sitaha, tulikuwa wasichana watatu darasani. Sikupata meli. Niliambiwa mara mbili kwamba meli haina chumba cha mwanamke, basi. Leo nina shamba la zabibu Hombolo na watoto wawili wanasoma, namshukuru Mungu. Lakini mikutano ya chuo chetu sijawahi kwenda hata mmoja, na nitakwambia kwa nini.

Kwanza, hilo bango. Likishatumwa lina "Kapteni fulani, Chifu Injinia fulani", mimi nimeshajua nafasi yangu kwenye ukumbi huo kabla sijauliza nauli. Andikeni majina matupu, kama yalivyokuwa kwenye daftari la mahudhurio.

Pili, usiandike mwaliko wowote. Piga simu. Mtu aliyejitoa kwenye kundi hawezi kurudishwa na ujumbe uliotumwa kwa watu 28. Na ukipiga usiseme "tunataka na ninyi mjisikie mko nasi". Neno hilo "na ninyi" linauma kuliko kusahauliwa. Mwambie kitu ambacho ni yeye tu anaweza kuambiwa. Nikuulize, kaka: huyo rafiki yako aliyekuwa hodari wa dizeli, hakuna kitu alichokufundisha ukakitumia baharini? Kama kipo, umewahi kumwambia?

Tatu, michango. Mkiweka kiwango kimoja kikubwa, anayeshindwa hatasema ameshindwa, atasema ana msiba. Ruhusuni mtu alete kitu. Mwisho wa Septemba zabibu zipo, mimi mngeniambia nilete tenga mbili ningefika asubuhi kabla yenu.

SparksMpwapwa

Wanangu, marahaba.

Mimi nilipita chuo hichohicho zamani, kikiwa bado kitengo cha mafunzo kilichoanzishwa 1978 kwa msaada wa Norway, kabla sheria ya 1991 haijakifanya chuo kamili. Nilikuwa mtu wa redio. Masikio yangu yalikuwa yanasoma mosi (Morse), zile ishara za milio mifupi na mirefu, kama ninyi mnavyosoma gazeti. Nikasafiri, nikala chumvi, nikaona bandari nyingi. Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa mawasiliano ya dharura, GMDSS, ulianza kutumika kikamilifu na mosi ikaachwa. Ofisa wa redio peke yake hakuhitajika tena melini, maana kazi ile ilichukuliwa na mitambo na maofisa wa sitaha. Nilikuwa na miaka arobaini na kidogo. Nilishuka ngazi ya meli na sanduku, nikarudi Mpwapwa kulima karanga.

Nawaambia hivi kwa sababu ninyi kumi na tatu mnadhani mna kitu ambacho wale wengine hawana. Mnacho, lakini kwa muda. Huyo wa Kibaigwa bahari ilimfungia mlango akiwa na miaka ishirini na kitu, mimi ilinifungia nikiwa na arobaini. Ninaujua ukurasa mweupe unavyotazamwa.

Kuhusu kuanza mkutano, nina pendekezo. Mnakumbuka ishara ya dharura ya jumla? Honi fupi saba au zaidi, kisha moja ndefu. Hata ambaye hakukanyaga meli anaijua, aliisimamia foleni chuoni na jaketi okozi shingoni. Melini ikilia, nahodha na mpishi wote wanakwenda kituoni, majina yanasomwa, kila mtu anajibu "nipo". Hakuna anayetaja cheo wakati huo. Jumamosi asubuhi mtu mmoja apige filimbi: saba fupi, moja ndefu. Jipangeni uwanjani. Msomeni majina yote 31 kwa alfabeti. Yakifikiwa yale matatu ya marehemu, nyamazeni kwa pumzi moja, msome linalofuata. Hapo mkutano umeanza, na hakuna aliyeulizwa yuko meli gani.

ZamuYaUsiku

Wakuu heshima yenu, ila naomba niseme upande wa pili. Niko melini sasa hivi, naandika nikitoka zamu. Nimefika injinia wa pili kwa miaka kumi na minne. Mazishi ya mama yangu sikuyawahi. Mtoto wangu wa kwanza nilimwona ana miezi saba. Leo nirudi likizo, nikutane na watu pekee duniani wanaoelewa cheo hiki kimenigharimu nini, halafu niambiwe nisikitaje? Nyumbani kwetu Singida hakuna anayejua tofauti ya injinia wa pili na kuli. Kule darasani kwetu ndiko nilikotegemea kupigiwa makofi, na sioni aibu kulisema.

FundiPampu_Nzuguni

Ndugu yangu, pole sana kwa mama. Umesema kweli na nimeipokea. Hakuna atakayekunyima makofi. Nimefikiria hivi: Jumamosi jioni tukishakula, tuwe na saa za simulizi. Anayetaka anasimama, anasimulia kazi yake, iwe ya melini au ya dukani. Wewe utaeleza hiyo miaka kumi na minne na tutakusikiliza mpaka umalize. Ninachokataa ni kuwapanga watu mstari na kuwauliza swali ambalo tunajua nusu yao hawana jibu.

Mzee wa Mpwapwa, shikamoo tena. La filimbi nimelipeleka kwenye kamati usiku huuhuu na limepita bila kura.

Mgogo_wa_Kizota

Mbukwenyi! Mimi si baharia, ila napokea wageni, niongeze mawili matatu. Tiketi za treni za Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi wakate mapema, wikiendi zinaisha, na kila mtu aje na kitambulisho. Waje na sweta, usiku huku una upepo na watu wa Pwani huwa wanashangaa. Jumapili msiwapeleke Mtera, ni mbali, mtaimaliza siku kwenye gari. Hombolo ni karibu na kuna bwawa. Mkipanda mitumbwi ya wavuvi vaeni hayo majaketi yenu, maana mitumbwi ile haina. Chakula: kuku wa kienyeji, ugali wa uwele, mlenda. Wageni wengi wanaogopa mlenda siku ya kwanza, ya pili wanaomba wenyewe.

FundiPampu_Nzuguni

Narudi na habari.

Dada MamaZabibu, swali lako lilinikalisha. Kipo kitu, na sikuwahi kumwambia. Mwaka 2007 tulikuwa kwenye meli ndogo ya mizigo, usiku wa saa nane, jenereta ikazima na taa zote zikaenda nayo. Mkubwa wangu alikuwa anaumwa amelala, nikabaki na tochi na kijana mmoja wa mafuta. Nilitetemeka. Halafu nikasikia sauti ya huyu rafiki yangu, vile alivyokuwa anatuelekeza mabwenini kwa chaki sakafuni: "Dizeli ikizima ghafla na tangi lina mafuta, usiiguse injini. Fuata njia ya mafuta. Tafuta hewa." Nikalegeza nati juu ya chujio, nikapampu kwa mkono, povu likatoka, likatoka, hadi yakaja mafuta matupu. Nikakaza. Ikawaka. Sifa nilipewa mimi.

Jana nilikwenda Kibaigwa kwa ajili ya hilo tu. Nilimsimulia nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu nilijua nikikaa nitaahirisha. Alisikiliza huku anapanga minyororo ya pikipiki kwenye ndoano. Nilipomaliza aliuliza, "Ulilegeza chujio la kwanza au la pili?"

Nikasema la pili.

Akasema, "Ungeanza la kwanza. Ulibahatika." Kisha akavuta kiti, akatoa kalamu, akanichorea njia yote upya nyuma ya risiti, pampu, chujio, mrija wa kurudi, na kunieleza hewa huwa inajificha wapi. Tulikaa hadi adhana ya magharibi. Wateja wawili walikuja wakaambiwa wasubiri.

Atakuja Jumamosi. Jumapili hana wa kumwachia duka. Nimemwahidi nitamrudisha mwenyewe kwa gari usiku huohuo. Namba za wale wengine wanne anazo, wamekuwa wakiwasiliana muda wote huu, na amesema atawapigia yeye.

Dada, nawe karibu kama mgeni wetu, kamati imekubali. Zabibu tenga mbili zinatosha. Nizifuate shambani Ijumaa au utazileta mwenyewe?