Wenye studio za dansi, mnajitunzaje? Tupeane uzoefu

HatuaNane (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi. Nina studio ya dansi, huu ni mwaka wa 9. Madarasa yanaanza saa 10 jioni mpaka saa 3 na nusu usiku, siku tano za wiki, na Jumamosi kutwa nzima. Wiki 3 kabla ya onyesho letu la mwaka niliingia darasa la watoto wadogo, nikafungua mdomo kuhesabu, sauti haikutoka. Haikukwaruza, haikupasuka, haikuwepo kabisa. Watoto 14 wananitazama kwenye kioo wanasubiri "moja". Nikahesabu kwa makofi mpaka kipindi kikaisha, kisha nikajifungia stoo ya mavazi nikalia.

Daktari wa masikio, pua na koo alinipitishia kamera nyembamba puani, akanionyesha kwenye skrini vinundu viwili vidogo, kimoja kila upande wa nyuzi za sauti, vinatazamana pale zinapogongana. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu alitikisa kichwa tu. Ni miaka ya kupaza sauti juu ya muziki. Hakukimbilia kupasua, alinipeleka kwa mtaalamu wa tiba ya sauti na kuniamuru ninyamaze siku kadhaa, hata kunong'ona nisinong'one, maana kunong'ona kwa kukaza nako kunazichosha nyuzi.

Siku hizo nilikaa kwenye benchi la wazazi, mwalimu msaidizi akifundisha. Ndipo nilipoona kwamba studio nzima nimeijenga juu ya koo langu na magoti yangu. Nikiugua mimi, imeugua yote.

Kwa hiyo naomba tusimuliane yale tuliyobadilisha kweli, kwenye ratiba na kwenye mwili. Yangu ni haya: maiki ya kichwani hata kwenye chumba kidogo; nikitaka kusema kitu muziki unazimwa kwanza; na nimewafundisha wanafunzi ishara za mikono za "rudia", "simama", "upande wa pili". Maji nanywa kidogo kidogo mchana wote. Zamani nilikuwa nakumbuka maji koo likishakauka.

ZamuYaJioni

Pole sana dada. Umesema koo, mimi niseme masikio. Nilikuwa nikilala usiku nasikia mlio mwembamba kama wa umeme, nikidhani ni uchovu. Siku moja nikaweka programu ya kupima kelele kwenye simu, nikaisimamisha pale ninaposimama mimi, hatua mbili kutoka kwenye spika. Desibeli 97.

Programu ya simu si kipimo cha maabara, lakini ilitosha kunitisha. Mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, unaweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 97 ni nusu saa. Mimi nilikuwa nakaa hapo saa 4 kila jioni, miaka. Mwanafunzi anakuja kwa saa moja anaondoka; mwenye studio anabaki kwa madarasa yote. Hilo ndilo hatulihesabu.

Nilizihamisha spika kutoka kwenye kioo, nikazitundika pembeni zikiwaelekea wanafunzi, na nikanunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti bila kuufanya muziki usikike kama uko ndani ya mtungi. Mlio haujaisha, ila hauongezeki. Pimeni masikio mapema, ndugu zangu. Kusikia kukishapotea kwa kelele hakurudi.

KisiginoChaKushoto

Mimi yangu ni kano ya kisigino, na kosa nalijua. Wanafunzi wanapasha mwili moto dakika 15, mimi niko ofisini nakusanya ada. Natoka kwenye kiti, nasimama mbele, naonyesha mruko, narudi kwenye kiti. Mara 6 au 7 kwa jioni, misuli ikiwa baridi. Tena huwa naonyesha upande mmoja tu, wa pili nasema "badilisheni". Ikafika asubuhi nashuka kitandani kwa kushika ukuta.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinipa zoezi moja: unasimama ukingoni mwa ngazi kwa ncha za miguu, unashusha kisigino polepole chini ya usawa wa ngazi, unapanda kwa msaada wa mguu usiouma. Mara 15 kwa awamu 3 goti likiwa limenyooka, tena hivyo hivyo goti likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Linachosha na mwanzoni linauma. Wiki ya 4 nilitaka kuacha. Wiki ya 9 nilishuka kitandani nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba sijashika ukuta. (Msijiandikie wenyewe, mwili wa kila mtu una yake, nendeni mkaonwe.)

Sasa sheria yangu ni kwamba napasha mwili na darasa la kwanza, mstari mmoja nao. Ada inapokelewa na mtu mwingine. Mengi naelekeza kwa maneno, au mwanafunzi mkubwa anaonyesha.

NyumaKabisa

Naomba niguse simu. Saa 5 usiku mzazi anauliza mavazi ya Jumamosi ni ya rangi gani. Najibu. Saa 5 na dakika 10 mwingine. Nikilala nimelala na simu mkononi.

Nilitenga namba ya studio na simu yake, inabaki ofisini usiku. Kila Jumatatu natuma tangazo moja lenye kila kitu: saa, mavazi, nani anafundisha. Mzazi mmoja alikasirika akamhamisha mtoto, na iliniuma kwa sababu mtoto yule nilimpenda sana. Ila nisingerudi nyuma.

Miezi5

Nafuatilia kwa makini, studio yangu ni changa. Swali: mtu akiwa hana uwezo wa kumlipa mwalimu wa pili, anapumzikia wapi?

NyumaKabisa

@Miezi5 mdogo wangu, chukua karatasi, andika kila darasa, wanafunzi wangapi, linaingiza nini, linakula saa ngapi zako ukijumlisha maandalizi. Mimi nilikuta darasa la Jumatatu lenye wanafunzi 3 ambalo halilipi hata chumba. Nililing'ang'ania miaka 2 kwa sababu ndilo darasa la kwanza nililofungua. Niliwaunganisha na kundi la Jumatano.

Na Jumatatu ile sikuijaza. Naenda darasa la mtu mwingine, mtindo nisioujua kabisa, nasimama mstari wa nyuma. Hakuna anayejua nina studio. Mtu ananihesabia, mimi nacheza. Mara ya kwanza nilikosea kila mzunguko, nikatoka nimelowa jasho, machozi yakanitoka kwa furaha. Nilikuwa nimesahau kwamba niliingia kazi hii kwa kupenda kucheza.

KimyaKwanza

Hilo la mwisho limenigusa. Mimi nilifika mahali nikisikia muziki wowote nauzima. Wanafunzi nikawa nawaona kama madeni ya ada. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii ya kuchakaa kwa ajili ya kazi katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, si kama ugonjwa bali kama jambo linalotokana na kazi, na likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kwamba huiwezi tena. Nilizisoma nikajiona zote tatu.

Nikachukua likizo ya mwezi. Niseme ukweli: haikusaidia, kwa sababu nilirudi kwenye ratiba ileile, na baada ya siku 10 nilikuwa palepale. Kilichosaidia ni kuandika wiki 2 za kufunga baada ya onyesho kwenye fomu ya usajili tangu mwanzo wa mwaka, ada ikiwa imeshapangwa hivyo, pamoja na siku moja ya wiki ambayo ufunguo wa studio hauko kwangu. Na nilizungumza na mshauri nasaha. Nilichelewa kwenda.

HatuaNane (mwanzisha mada)

Nimesoma kila neno, asanteni sana. @KisiginoChaKushoto kuanzia kesho napasha mwili na wanafunzi, hilo sikuwahi kuliwaza.

Mrejesho wangu: kamera ya pili imeonyesha vinundu vimesinyaa, kimoja karibu kimetoweka. Tiba ya sauti naendelea nayo. Darasa la wadogo sasa wanahesabu wenyewe kwa zamu. Jumanne aliyekuwa na zamu aliruka sita, wote wakasimama, wakatazamana kwenye kioo, wakaanza upya kutoka moja, mimi nimekaa kwenye benchi na chupa yangu ya maji.