Mjadala: Muhogo uliobadilishwa vinasaba, tuujaribu hapa kwetu au tuendelee kufunga mlango?

MLETA MADA

Wakuu, heshima kwenu. Kila GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, ikitajwa tunagawanyika: huku "mabeberu wanatumaliza", kule "sayansi imeshasema, nyamazeni". Leo naomba tushike zao moja tu, muhogo, maana hapo hoja za kambi zote mbili zinapwaya.

Kwa asiyefuatilia: Kenya walipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO Novemba 2012, wakaifuta Oktoba 2022 ukame ulipobana, na tangu hapo mambo yamekuwa ya mahakamani. Katikati ya hayo, Juni 2021, mamlaka yao ya usalama wa kibayolojia iliridhia muhogo uliobadilishwa ili uhimili ugonjwa wa virusi uitwao michirizi ya kahawia. Sisi Tanzania tulikuwa na majaribio ya mahindi ya GMO Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 wizara ikaamuru yasimame na mabaki yateketezwe. Januari 2021 waziri wa kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kusitisha majaribio yote ya GMO nchini.

Msimamo wangu: tuujaribu muhogo huo kwenye vituo vyetu, mikononi mwa watafiti wetu, na matokeo yabandikwe hadharani yawe matamu au machungu. Sijasema uuzwe.

Asiyelima muhogo hawezi kujua ugonjwa huu ulivyo mnafiki. Majani yanapiga umanjano kidogo kandokando ya mishipa, basi. Shina limesimama, mpita njia anakusifia shamba. Siku ya kung'oa unakata kipande, ndani mabaka ya kahawia, makavu, magumu. Mnunuzi aliyetoka Dar anakata wa kwanza, anakata wa tatu, hasemi kitu, anarudi kwenye gari. Kinachobaki kina mama wanakaa chini na visu wanachonga palipo peupe, angalau wapate makopa. Umengoja mwaka mzima kwa ajili hiyo.

Sasa hoja. Ya kwanza, "tutakuwa watumwa wa kununua mbegu kila msimu". Muhogo unapandwa kwa pingili jamani. Jirani akivuna anakukatia mzigo wa miti, unabeba, unapanda. Anayerudi dukani kila msimu ni mkulima wa mahindi chotara, na chotara si GMO. Hayo tumeyanunua miaka nenda rudi na sijaona bango hata moja barabarani.

Ya pili, "mimea yetu ni ya asili, isichanganywe". Nendeni Amani, kule milima ya Usambara, Tanga. Miaka ya 1930 kituo cha utafiti cha Waingereza pale, alipokuwa H. H. Storey aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1936, kiliupandisha muhogo na mti wa mpira. Naam, mpira huuhuu ambao majani yake tunayatwanga tukapika kisamvu. Uzao wake ukapandishwa tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mizizi ikawa ya kulika. Namikonga, ambao Kenya wanauita Kaleso, umetokana na kazi hiyo, na hadi leo watafiti wanautumia kama mzazi kwa sababu ya kinga yake. Ni vinasaba vingapi vya mti mwingine vilihamia humo? Wakati ule hakukuwa na namna ya kuvihesabu. Huu wa maabara umepachikwa vipande vya vinasaba vya virusi wenyewe, ili mmea uwatambue na kuwakatakata wakiingia. Vinajulikana ni vipi na viko wapi.

Karibuni, ila msitukane.

MDAU WA MWANZA

Mkuu umepanga vizuri ila umeruka penyewe. Ugonjwa huu zamani ulikuwa zaidi wa ukanda wa pwani. Kuanzia 2004 ukalipuka Uganda, ukatambaa na huku Kanda ya Ziwa. Ulikujaje? Inzi weupe wanaobeba virusi, sawa, lakini na sisi wenyewe tukibeba pingili kwenye mabasi na maboti tukipelekeana zawadi.

Aina zenye ustahimilivu tayari zipo: Mkuranga1, Kiroba, Chereko, wala si za kubadilishwa vinasaba. Uliza kijijini kwetu nani anazo. Sasa huo muhogo wako wa maabara utatufikia kwa njia ipi ambayo hizi hazikuiona?

Na kuna jambo ambalo wapenzi wa maabara hawalisemi. Aina iitwayo TME 204 ilikuwa na kinga nzuri ya batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo. Walipoipitisha kwenye hatua za maabara ili wapachike kinga ya michirizi, kinga ya batobato ikapotea. Umeponya tumbo, kichwa kimeanza! Dawa yake ikawa nini? Kuupandisha na aina zenye kinga, kazi ileile ya Amani.

MDAU WA MTWARA

Mimi sitaki, na siogopi kuota mkia. Kanuni zetu za usalama wa kibayolojia za 2009 zilisema aliyeingiza GMO anabeba madhara yake hata kama hakuzembea. Mwaka 2015 upande wa utafiti ukalegezwa, ikawa lazima uthibitishe kosa lake. Mimi wa Newala nitathibitishaje kosa la mwenye maabara? Kwa wakili gani?

MDAU WA KILIFI

Wenzangu, ile marufuku yetu ya 2012 ilitokana na utafiti wa Ufaransa wa panya waliolishwa mahindi ya GMO. Mwaka uliofuata jarida lililouchapisha likauondoa. Utafiti ukaenda, marufuku ikakaa karibu miaka tisa mingine. Ndiyo hasara ya kutegemea panya wa watu. Namuunga mkono mleta mada, pimeni kwenu.

MLETA MADA

Mdau wa Mwanza, la TME 204 ni kweli, na kwangu ndiyo sababu ya kujaribu hapahapa. Lingetokea mkulima akiwa ameshapanda ekari mbili tungelia. Lakini pingili safi peke yake haitoshi. Unapanda safi leo, jirani ana shamba bovu, inzi weupe wanavuka, misimu michache una michirizi. Usafi bila kinga ni kudeki huku bomba linavuja.

Hilo la usambazaji sina ubishi. Wazalishaji wa pingili waliosajiliwa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ni wachache, na mzigo wa miti ni mkubwa na unakauka upesi, si pakiti ya mahindi ya kutia mfukoni. Hivyo napendekeza jaribio lipandwe kwenye vituo vya utafiti vya Kibaha na Ukiriguru, mstari mmoja na Namikonga na Mkuranga1, tuone kama muhogo wa maabara unawazidi hawa wa nyumbani. Usipowazidi, fedha yote iende kwenye pingili. Ndugu wa Mtwara, hapo nawe unakataa?

MDAU WA MTWARA

Rudisheni kwanza kile kifungu cha 2009 kama kilivyokuwa, na kiwahusu watafiti pia. Mkikirudisha, nitakuja Kibaha mwenyewe siku ya kung'oa.

MDAU WA MWANZA

Na mtukatie mbele yetu. Wa kwanza, wa tatu na wa mwisho wa kila mstari.